Adhabu inayolingana na kosa: maana yake kwa dereva wa mbio za magari

Adhabu ya haki kwa dereva wa mbio za magari hupimwa kwa mambo matatu: alifanya nini, alikusudia nini, na alikuwa anatafuta faida gani. Nayaweka mwanzoni kabisa kwa sababu wengi wetu, hata sisi tunaofuatilia langalanga (Formula 1) kila Jumapili saa kumi jioni, tukiona gari limepaa na kusambaa vipande tunauliza swali la nne kwanza: nani kaumia? Tukishapata jibu, hasira ndiyo inayopanga adhabu.

Mimi ni katibu wa kijiwe kimoja cha bodaboda jirani na stendi ya Nyegezi, hapa Mwanza. Daftari la nidhamu natunza mimi, kwa hiyo suala hili linanigusa kila wiki. Mwezi uliopita, alfajiri, mabasi yakiingia, kijana wetu mmoja aliruka zamu. Alikuwa wa nne kwenye foleni, akachomoka na kuchomekea katikati ya pikipiki mbili ili awahi abiria anayeshuka. Usukani wake ukanasa kioo cha mwenzake aliyekuwa ameshapakia. Pikipiki ikaenda chini na mama wa watu, aliyekuwa na ndoo ya karanga kutoka Geita. Karanga zikamwagika kwenye tope, mama akachubuka kiwiko. Kamati ikasema kijana afungiwe mwezi mzima.

Nilipofungua daftari niandike, macho yakaangukia ukurasa wa kushoto. Siku tatu kabla, kijana mwingine aliruka zamu vilevile na kuchomekea vilevile, ila kioo hakikuguswa. Tulicheka, mmoja akamwambia "dogo, taratibu", nami nikaandika kwa mkono wangu: onyo la mdomo. Kitendo ni kilekile, na adhabu zimepishana kama mbingu na ardhi. Aliyewatenganisha vijana hawa ni bahati, tena kwa upana wa vidole viwili vya kioo.

Swali hilohilo limewasumbua wasimamizi wa mbio kubwa duniani kwa miaka mingi, na mifano yao inasaidia kulielewa kwa sababu kila kitu kinapigwa picha na uamuzi unaandikwa.

Tarehe 18 Julai 2021, kwenye uwanja wa Silverstone, Uingereza, mzunguko wa kwanza, Lewis Hamilton na Max Verstappen waliingia kona ya Copse bega kwa bega. Gurudumu la mbele la Hamilton likagusa la nyuma la Verstappen, na gari la Verstappen likaenda kujibamiza kwenye ukuta wa matairi. Verstappen akapelekwa hospitali kuchunguzwa. Wasimamizi walisema Hamilton ndiye mwenye sehemu kubwa ya kosa, wakampa adhabu ya kupoteza sekunde 10, na pointi 2 za adhabu kwenye leseni yake. Hamilton akazitumikia zile sekunde, akaendelea, akashinda mbio. Red Bull, timu ya Verstappen, ikaja juu. Mtu yuko hospitali na mwenzake anainua kombe! Ikaomba uamuzi upitiwe upya, na ombi likakataliwa.

Naelewa uchungu wao. Lakini wasimamizi walikuwa wamejiuliza swali sahihi. Kosa la Hamilton lilikuwa la dereva aliyekosea mstari kidogo akiwa anagombea nafasi kihalali. Lingetokea kwenye kona ya polepole lingeishia kwa bawa kuvunjika na malalamiko ya redioni. Ukimwadhibu kwa ukuta uliokuwa mbele ya mwenzake, umeadhibu ramani ya uwanja.

Hapa kuna uzi mwembamba ambao watu huukata bila kujua. Kutoangalia madhara haina maana ya kutoangalia hatari. Dereva anaijua kona ya Copse, anajua inapitwa kwa kasi gani, anajua kinachomsubiri mtu akitoka nje pale. Hatari aliyoiona, au aliyopaswa kuiona, ni sehemu ya kitendo chake, na ni haki apimwe nayo. Yaliyotokea baada ya hapo, kwamba tairi liligusa huku badala ya kule na aliyegongwa akaumia au akatoka mzima, hayakuwa mikononi mwake tena. Hata kijana wetu wa karanga alijua kwamba nafasi ile ni finyu na kwamba mwenzake ana abiria mgongoni. Hilo namhesabia. Ila yule wa kwanza naye alilijua.

Sasa chukua mfano wa upande mwingine. Spa, Ubelgiji, tarehe 2 Septemba 2012. Mara tu mbio zilipoanza, Romain Grosjean alimbana Hamilton pembeni, magari yakanasana, na gari la Grosjean likaruka juu ya mengine na kupita karibu kabisa na kichwa cha Fernando Alonso. Grosjean akafungiwa mbio 1 na kutozwa faini ya euro 50,000. Alikuwa dereva wa kwanza wa langalanga kufungiwa mbio tangu mwaka 1994. Kwa maoni yangu kumfungia ilikuwa sawa, maana kumsukumia mtu nje huku kundi zima la magari likifuata nyuma ni kuwasha moto. Kilichonikera ni sababu mojawapo iliyoandikwa kwenye uamuzi: kwamba ajali iliwaondoa mbioni wagombea wa ubingwa. Yaani angewagonga madereva wa mwisho kwenye msimamo, kosa lingekuwa dogo? Shingo ya dereva wa nafasi ya 20 ina thamani ileile.

Jambo la pili ni nia, na hili ndilo gumu kuliko yote kwa sababu moyo wa mtu ni msitu. Suzuka, Japani, mwaka 1990: Ayrton Senna anaongoza msimamo, na Alain Prost asipomaliza mbio ile, ubingwa ni wa Senna. Kufika kona ya kwanza Senna hakuinua mguu kwenye mafuta. Wote wawili wakaishia nje ya njia na Senna akawa bingwa. Hakupewa adhabu yoyote. Mwaka uliofuata akakiri mwenyewe, hadharani, kwamba alikuwa amepanga asimwachie Prost ile kona. Kwa macho ajali ile ilifanana na ajali nyingine nyingi za kona ya kwanza, na wasimamizi hawakuwa na mashine ya kupima kinyongo.

Siku hizi wana msaada zaidi. Kila gari la langalanga hurekodi pembe ya usukani, nguvu ya breki na kiasi cha mafuta yanayokanyagwa, na wasimamizi huyasoma kabla ya kuamua. Tena tangu mwaka 2010 miongoni mwao hukaa mtu aliyewahi kuendesha, anayejua tofauti ya gari lililoteleza na gari lililoelekezwa. Kosa la makusudi lazima libebe adhabu nzito hata kama hakuna aliyepata mkwaruzo. Mwaka 2025, kwenye mbio za Hispania, Verstappen aliambiwa na timu yake amrudishie George Russell nafasi. Akapunguza mwendo kama anayempisha, kisha akaongeza kasi na kumgonga ubavuni. Alipewa sekunde 10 na pointi 3 za leseni, na kesho yake akaandika kwamba haikuwa sawa na haikupaswa kutokea. Sekunde zilezile 10 alizopewa Hamilton kwa kukosea mstari! Pointi 3 badala ya 2 ndiyo tofauti pekee, na mimi naiona ndogo mno.

Jambo la tatu ndilo ninalolipigania zaidi kwenye kijiwe chetu: faida. Adhabu ya haki hukata palepale mtu alipotaka kuchuma. Mifano miwili ya Michael Schumacher inaonyesha tofauti vizuri kuliko maelezo yangu.

Tarehe 26 Oktoba 1997, Jerez, Hispania, mbio za mwisho za msimu, Schumacher anaongoza kwa pointi 1 tu. Jacques Villeneuve anajipenyeza kwa ndani, Schumacher anageuza usukani na kumpiga ubavuni. Gari la Schumacher ndilo lililokwama kwenye changarawe. Villeneuve akaendelea, akamaliza wa tatu, akawa bingwa. FIA, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, ikamfuta Schumacher kwenye nafasi ya pili ya msimu ule. Ushindi wake wa mbio moja moja ulibaki, hakufungiwa, hakutozwa faini, akapangiwa kushiriki kampeni ya usalama barabarani. Ukisikia hivyo unaweza kudhani ameadhibiwa vikali. Mimi sioni hivyo. Alitafuta nafasi ya kwanza kwa njia chafu akaikosa, na adhabu ikamnyang'anya ya pili ambayo hakuwa na haja nayo. Msimu mpya ulipoanza alikuwa kwenye gari lake kama kawaida.

Linganisha na Monaco, mwaka 2006. Mashindano ya kupanga nafasi za kuanzia yanakaribia kwisha, Schumacher ndiye anayeongoza, na Alonso yuko kwenye mzunguko wa kasi nyuma yake. Schumacher akasimamisha gari kwenye kona ya Rascasse, bendera za njano zikapepea, Alonso na wengine wakalazimika kupunguza mwendo. Hakuna aliyegongwa wala chuma kilichopinda. Wasimamizi wakakaa na data kwa saa nyingi, kisha wakampeleka nyuma kabisa ya magari yote. Alitaka kuanza mbele kwa hila, akaanza mwisho. Alimaliza wa tano na Alonso akashinda. Sijaona uamuzi uliokaa vizuri kuliko huu, na adhabu zote ninazopendekeza kijiweni nazipima kwa huo.

Marekani nao walifanya jambo la namna hiyo mwaka 2024 kwenye NASCAR, ligi yao kubwa ya mbio za magari. Austin Dillon alishinda mbio za Richmond kwa kuwagonga wapinzani wawili kwenye kona za mwisho kabisa. Viongozi walimwachia ushindi kwenye vitabu vya kumbukumbu, lakini wakamnyima tiketi ya hatua ya mtoano ambayo ushindi ule ungempa, na kumkata pointi 25. Kombe analo, alichokiendea hakukipata.

Vifaa vya kuadhibu ni vingi: onyo, karipio, sekunde 5 au 10, kupitishwa kwenye njia ya piti (pembeni, magari yanakohudumiwa) bila kusimama, kushushwa nafasi za kuanzia, kufutiwa matokeo, kufungiwa. Tangu 2014 zipo pia pointi za leseni: dereva akifikisha 12 ndani ya miezi 12 anakosa mbio 1. Wa kwanza kufika huko alikuwa Kevin Magnussen, mwaka 2024, baada ya kugusana na Pierre Gasly kule Monza. Gasly mwenyewe alisema tukio lile lilikuwa dogo. Wapo waliolalamika kwamba mtu amefungiwa kwa mkwaruzo, lakini hiyo ni kuhesabu tone la mwisho na kusahau ndoo. Pointi zinapima mazoea ya mtu, na mazoea ni kosa la aina yake.

Faini ndiyo inayonitia mashaka kuliko vifaa vyote. Mwaka 2021 kule Brazil, Verstappen alitozwa euro 50,000 kwa kugusa kwa mkono bawa la nyuma la gari la Hamilton lilipokuwa limeegeshwa baada ya kupanga nafasi. Fedha ileile aliyotozwa Grosjean kwa kuruka juu ya vichwa vya watu! Kwa dereva tajiri ni kama kulipia maegesho, na kwa anayeanza, anayetafuta wafadhili kwa miguu, ni msimu mzima. Sisi tunalijua hili kwa ngozi zetu. Kwa miaka kadhaa mwenye pikipiki hapa Tanzania alikuwa anatozwa faini ya barabarani ya shilingi 30,000 sawa na mwenye basi, mpaka bajeti ya mwaka 2021 ikaishusha hadi 10,000 kwa pikipiki na bajaji. Kosa likiwa moja na mifuko ikiwa tofauti, faini moja inageuka adhabu mbili.

Mwaka 2025 suala la faini likatufikia kabisa Afrika Mashariki. FIA ilikuwa imeweka kiwango kipya cha faini za matusi na kauli chafu: euro 10,000 kwa kosa la kwanza, na kwa langalanga kiwango hicho kinazidishwa mara nne. Madereva wa ubingwa wa dunia wa rali wakaungana, na kabla ya Safari Rally ya Machi kule Naivasha wakatangaza kwamba mwisho wa kila hatua hawatazungumza, au watajibu kwa lugha za kwao. Hoja yao ilikuwa na uzito. Mtu ametoka kwenye vumbi la kilomita kadhaa, pancha mbili, moyo uko kooni, kipaza sauti kinasukumwa dirishani, na neno moja likimponyoka linamgharimu kuliko dereva aliyembana mwenzake ukutani. Mwezi Mei kiwango kikashushwa hadi euro 5,000, na waamuzi wakapewa nafasi ya kutofautisha maneno ya mkutano na waandishi na yale yanayotoka mtu akiwa bado kwenye joto la mbio. Tofauti hiyo ndiyo iliyopaswa kuwepo tangu mwanzo.

Kazi ya kijamii naipenda zaidi. Verstappen aliwahi kupewa siku 2 baada ya kumsukuma kifuani Esteban Ocon, Brazil 2018, na akapewa tena kwa tusi alilotoa kwenye mkutano na waandishi Singapore 2024. Hiyo ya pili aliitumikia jirani zetu hapa, Kigali, Desemba 2024, akiwa na vijana wa chama cha magari cha Rwanda. Muda ni kitu ambacho tajiri na maskini wanapewa sawa, saa 24 kwa siku.

Lakini hata adhabu iliyopimwa vizuri inaharibika kama njia ya kuifikia ni mbovu. Silverstone tena, mwaka 1998: wasimamizi walichelewa kumpa Schumacher taarifa ya adhabu yake ya kusimama piti sekunde 10 na wakaiandika kwa utata. Timu ikamwingiza piti kwenye mzunguko wa mwisho kabisa, mstari wa kumalizia ukiwa unakatiza njia ya piti, akashinda mbio akiwa piti. Adhabu ikafutwa, ushindi ukabaki, na wasimamizi watatu wakarudisha leseni zao.

Kubwa zaidi ni lile la Singapore 2008. Nelson Piquet Mdogo aligonga ukuta kwa maelekezo ya timu yake ya Renault ili mwenzake Alonso afaidike, na Alonso akashinda. Siri ilipofichuka mwaka 2009, bosi wa timu Flavio Briatore alifungiwa bila kikomo. Januari 2010 mahakama ya Ufaransa ikaitengua adhabu ile kwa sababu ya jinsi kesi ilivyoendeshwa. Sidhani kama kuna udanganyifu mbaya kuliko ule katika mchezo huu, dereva kuambiwa ajigonge, na bado adhabu ikaanguka kwa kukosa utaratibu.

Huku kwetu Usukumani wazee wanalielewa hili bila kufundishwa. Kabla mtu hajapigwa mchenya, yaani faini ya kijiji, anaitwa, anakaa mbele ya watu, anasema yake. Anayekaidi ndiye anayetengwa, na kutengwa kunauma kuliko ng'ombe waliotozwa. Mchenya uliotolewa mtu akiwa hayupo unazaa ugomvi wa miaka.

Kwa hiyo niliiomba kamati tuahirishe, tukawaita vijana wote wawili. Tulitenganisha kwanza fidia na adhabu, maana watu huzichanganya. Karanga za mama na kioo cha mwenzake ni fidia, na aliyemwaga ndiye anayelipa, bila mjadala. Adhabu ni kwa kuruka zamu, na waliruka wote. Faida waliyoitafuta ilikuwa abiria wa alfajiri, kwa hiyo tukakata hapohapo: alfajiri saba, kila mmoja, mwisho wa foleni, hata akifika wa kwanza.

Yule wa onyo la mdomo hakukubali kirahisi. "Katibu, mimi sikumgusa mtu," aliniambia, na alikuwa na haki ya kusema hivyo, maana sisi ndio tuliomcheka na kumwacha. Nikamwomba radhi kwa hilo mbele ya wenzake. Kisha nikamsomea kurasa mbili za daftari, ya kushoto na ya kulia, bila kutaja majina, nikamuuliza ipi ni yake. Alinyamaza kidogo, akaomba nisome tena.

Leo ni alfajiri ya tano. Basi la Geita limeingia saa kumi na moja na nusu, watu wanashuka na mizigo. Wale wawili wako nyuma kabisa ya foleni, injini zimezimwa, mmoja anafuta kioo cha pikipiki ya mwenzake kwa kona ya koti.